Ncha za Nywele na Mkono wa Mwende

Niliweka mkasi chini mwezi wa kwanza mwaka huu, kwa sababu ya magoti. Vidole bado viko sawa, lakini magoti ya mtu aliyesimama nyuma ya kiti kwa miaka thelathini na moja hayataki mjadala. Siku ya kuniaga pale saluni mlinipa leso na keki, halafu mmoja wenu akasema, "Mama Ciku, tuandikie hiyo kitu ya kutrim. Wewe hukata nywele na bado inabaki refu." Nilicheka, nikasema nitaandika. Tangu siku hiyo nimekaa na daftari hili nikijiuliza nianzie wapi, kwa sababu siwezi kuandika ukweli kuhusu ncha za nywele bila kuandika kuhusu wivu wangu. Basi nivumilieni, nitaweka vyote viwili humu.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na miwili. Saluni ilikuwa ghorofani mjini Nyeri, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Wahindi, na mwenyewe alikuwa Madam Wangeci, mwanamke mnene wa Mathira aliyevaa koti jeupe kama daktari na kuongea kama askari. Siku ya kwanza sikugusa kichwa cha mtu. Alinipa tishu iliyoloweshwa maji, akaniwekea mikasi minne mezani, akaniambia nikate. Mikasi mitatu ilikunja ile tishu na kuirarua. Mmoja ulipita bila kelele, ukaacha mstari safi.

"Hiyo ndio ya nywele," alisema. "Hizo zingine ni za uzi na pakiti. Ukichanganya, utarudi kwenu."

Siku ya nne nilifungua pakiti ya nywele za bandia kwa mkasi wa nywele. Hakunirudisha kwetu. Alinikalisha pembeni nikate tishu zilizolowa mpaka saa nane, bila chai, huku wateja wakiuliza huyu msichana ana shida gani. Sikukosea tena.

Nyinyi mna mikasi mizuri ya kuagiza, lakini pimeni kwa tishu kila Jumatatu. Mkasi butu haukati unywele, unausaga, na unywele uliosagwa mwisho wake utapasuka kabla hamjaonana tena na mteja. Ukishapasuka, mpasuko unapanda, kama sweta iliyofumuka uzi mmoja. Mteja atakuja akilia kwamba nywele zake zimekataa kukua. Hazijakataa. Zinaongezeka huku juu na kukatika kule chini, kwa hiyo mwaka unaisha zikiwa palepale shingoni. Kazi yako ni kutoa kilichopasuka kabla hakijapanda, na kuacha kila kitu kingine. Ni maneno rahisi kuandika. Mimi ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kuyatenda.

Hapa kwetu pia kuna baridi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane kila kichwa kiko ndani ya kofia ya sufi, na sufi inasugua ncha tangu asubuhi mpaka jioni. Madam alikuwa akishuka dukani chini kuomba mabaki ya satini, na sisi tunayashona ndani ya kofia za wateja. Wengine waliona tunawasumbua. Lakini ilipofika Septemba, wenye satini walikuwa na nywele na wengine walikuwa na maswali. Endeleeni kushona.

Kosa langu lilikuwa unadhifu. Nilinyoosha nywele kwa draya, nikachana, nikabana kati ya vidole viwili, nikakata mstari mmoja ulionyooka ambao ungeweza kuuwekea rula. Ncha zote mbovu zilianguka, na nywele nyingi zisizo na hatia zikaanguka nazo. Aliyeomba nipunguze upana wa kidole kimoja aliondoka bila vidole vitatu. Nilikuwa na jibu tayari: afya kwanza, urefu baadaye. Walinishukuru kwa sauti ya watu waliotoka mazikoni. Baada ya muda nikasikia ati niko na mkono mzito.

Habari za mkono mnazijua. Huku mtu haulizi fundi alisomea wapi, anauliza ako na mkono gani. Kuna mkono wa kukuza nywele na kuna mkono wa kuzikausha, na mtu akishaamini wako ni wa kukausha, hata umwonyeshe cheti hatakaa kwenye kiti chako. Mimi nilijifanya siamini mambo hayo. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu ni ushamba. Kisha jioni nyumbani naangalia viganja vyangu.

Mwaka wangu wa kumi na nne ndipo Mwende alipopanda zile ngazi. Alikuwa Mkamba kutoka pande za Kitui, mke wa koplo wa polisi aliyekuwa amehamishiwa Nyeri, mama wa mtoto mmoja, Mutua. Alivaa kilemba cha kahawia na alibeba mkasi wake mwenyewe ndani ya soksi ya mtoto. Madam alimpa tishu iliyolowa. Mwende aliikata mara moja, akaikunja, akaitupa kwenye pipa kama mtu aliyeulizwa jina lake. Mimi nilikuwa naosha kichwa cha mteja, na nakumbuka maji yalimwingia yule mama sikioni.

Namna yake ya kukata sikuwa nimeiona. Hakutumia draya. Aligawa nywele vifungu vidogo, akavisokota kimoja kimoja mpaka kichwa kizima kikawa misokoto, labda sitini, labda themanini. Kisha alitandika kitambaa cheupe kwenye paja lake, akamkalisha mteja kwenye kigoda, akashika msokoto wa kwanza na kuulaza kwenye kidole cha shahada. Unywele mzima hulala. Uliopasuka husimama pembeni. Huo ndio alioukata, juu kidogo ya mpasuko, kisha akageuza kidole na kuangalia tena. Kichwa kimoja kilimchukua saa mbili na zaidi. Kwenye kitambaa palibaki vumbi jeusi tu, kama majani ya chai.

Wiki ya kwanza nilisema huyu anacheza. Mwezi wa tatu nilimwambia Madam, kwa sauti ya kumsaidia, kwamba nadhani Mama Mutua anakata hewa ili awafurahishe wateja. Madam aliniangalia juu ya miwani.

"Basi hewa yake inakuza nywele," alisema. "Na wewe ukate hewa."

Kufikia mwisho wa mwaka walimu, manesi, wake wa maofisa, wote walikuwa wakipanda ngazi wakiuliza, "Mwende ako?" Akiwa na mtu, wanakaa kungoja. Kiti changu kilikuwa wazi kando yake, mimi nimesimama na taulo begani, na mama mzima ananiambia, "Wacha tu, Mama Ciku, nitangoja mkono ya Mwende." Naandika haya mpate kujua jinsi wivu unavyofanya kazi mwilini. Unaanzia tumboni, unapanda shingoni, halafu unasikia mwenyewe unauliza kwa upole kama kuna mtu anataka chai.

Nilikuwa na tumaini moja, nalo ni uhamisho. Polisi huhamishwa. Kila tetesi za uhamisho zilipotoka nilikuwa nikiomba kanisani, na msinicheke, niliomba kwa jina, Baba Mutua apelekwe mbali na apandishwe cheo, ili isionekane namwombea mabaya. Mara ya kwanza alihamishiwa Karatina. Nilinunua soda. Kumbe familia inabaki Nyeri, yeye anakwenda na kurudi. Mara ya pili alipelekwa Othaya, na mambo yakawa yaleyale. Niliona kwamba Mungu anashikilia upande fulani.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Asubuhi moja tulikuwa na bibi harusi wa Mwende, msichana ambaye nywele zake zilifika katikati ya mgongo. Mwende alikuwa ameshuka kununua pini. Nilitoa mkasi wake kwenye ile soksi, nikakata boksi la rangi ya nywele, lile la katoni ngumu, nikalikata vipande vipande, kisha nikarudisha mkasi mahali pake. Aliporudi alimkalisha bibi harusi, akashika msokoto wa kwanza, akakata mara moja. Alisimama. Aliusikiliza ule mkasi, mnajua jinsi fundi anavyosikiliza. Kisha akauweka chini.

"Mama Ciku, niazime yako," alisema. "Hii yangu leo imeamka vibaya."

Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia tu. Nilimpa mkasi wangu, mkasi niliokuwa nao tangu siku za tishu, na mkononi mwake ulitoa sauti nzuri kuliko nilivyowahi kuusikia mkononi mwangu. Nilikuwa na wivu hata na mkasi.

Sasa niwaambie kuhusu Ciku, binti yangu. Shuleni alinyolewa kama wasichana wote, kwa hiyo nywele zake zilianza maisha alipomaliza kidato cha nne. Mwaka wa kwanza nilimkata mwenyewe kila baada ya miezi mitatu, kwa mstari wangu wa rula, na nywele zikakaa masikioni kama zimeambiwa zisivuke. Kisha siku moja akasema, "Mum, wacha nikuwe nikijishughulikia. Wewe hufika ukiwa umechoka." Nilimruhusu. Niliendelea kumwosha Jumamosi na kumpaka mafuta, nikimpondea parachichi na yai kama Madam alivyonifundisha. Basi nywele zikaanza kushuka. Zilipita shingo, zikafika mabegani, na ilipokwisha miaka miwili mingine, ukizivuta zilifika kwenye mifupa ya mgongo.

Nilipata wazimu wa furaha. Nilimwita saluni kwa visingizio, alete funguo, alete sweta, na akifika namfungua kitambaa mbele ya wateja. "Angalieni," nilikuwa nikisema. "Na mnasema niko na mkono mzito. Hii ni kazi ya nani?" Wateja walishika nywele, wakashangaa, na wawili watatu wakahamia kiti changu. Ciku aliangalia sakafu. Mwende alikuwa palepale, kitana mkononi, akiendelea na kichwa alichokuwa nacho. Nilidhani ameumia, na nikalala vizuri siku hizo.

Jumapili moja baada ya kanisa Madam alinituma kwa Mwende. Kulikuwa na watu wa harusi waliosogeza saa yao, na simu ya Mwende ilikuwa imezima. Sikuwa nimewahi kufika kwake. Nyumba zao ziko kwenye laini za polisi, zile nyumba za askari za mstari mmoja, mlango kwa mlango, nguo zimeanikwa mbele. Mlango wake ulikuwa wazi kwa sababu ya mwanga. Niliona kwanza kitambaa cheupe. Kisha nikaona Mwende kwenye kiti, na kwenye kigoda katikati ya magoti yake, binti yangu, nusu ya kichwa misokoto na nusu imefumka. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye goti la Mwende. Alikuwa akicheka kitu.

Mtu angedhani niliumia kwa sababu ya nywele. Nywele zilikuja baadaye. Lililonichoma kwanza ni lile shavu. Ciku hakuwa ameegemea goti langu tangu akiwa darasa la tatu.

"Ciku, twende nyumbani," nilisema.

Alishtuka, akataka kusimama. Mwende alimshika bega.

"Karibu, Mama Ciku. Wacha nimalize huu upande, tafadhali. Atatembea aje barabarani na kichwa nusu?"

Hilo lilikuwa kweli. Kwa hiyo niliketi. Mwende alinimiminia chai kutoka kwenye chupa, akarudi kwenye kigoda, na mimi nikakaa saa nzima na nusu nikiangalia mwanamke mwingine akikata nywele za mtoto wangu, kidole, ncha, mkasi, kidole. Niliona kila kitu, jinsi anavyoinamisha msokoto kwenye mwanga wa mlango, jinsi anavyokata mara moja bila kutafuna, jinsi anavyopaka tone la mafuta kwenye ncha kabla ya kuuachia. Chai yake ilikuwa tamu, na hilo pia liliniudhi.

Njiani nilimwuliza Ciku imekuwa muda gani.

"Miaka mbili. Kila miezi tatu."

"Na mkono wangu una nini?"

"Mum, wewe hukata ndio ikae straight. Anti Mwende hukata tu yenye imekufa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniacha nimalize kukuambia?"

Tulitembea kidogo. Nilikumbuka zile siku za kumfungua kitambaa mbele ya watu, na uso wangu ukawaka kama nimefungua oveni.

"Na nilipokuwa najisifu," nilisema, "nyinyi wawili mlikuwa mnanicheka."

"Hakuna mtu alicheka. Mimi nilitaka kusema ukweli. Anti akaniambia nikuache. Ati hiyo furaha yako haimpunguzii kitu."

Hapo ndipo nilipomchukia Mwende kabisa. Mtu akikutendea ubaya una pa kushika. Yeye hakuniachia pa kushika. Alikuwa na mkono, alikuwa na wateja, alikuwa na goti ambalo mtoto wangu aliegemea, na juu ya hayo alikuwa na moyo mzuri. Nilimwambia Ciku maneno ambayo mpaka leo ningeyaokota chini kama ningeweza. Nilimwambia, "Basi nenda ukazaliwe upya kwa mama yako wa polisi."

Hakwenda kwa Mwende tena kukatwa. Na kwenye mkasi wangu hakuja. Miezi michache baadaye alipata kazi ofisini kwenye mashine ya mpunga huko Mwea, akapanga chumba, na alipokuja nyumbani alikuwa amefunga kitambaa kichwani, akilala nacho na kuamka nacho. Mwea kuna joto na vumbi la makapi ya mpunga, na vumbi lile hunyonya mafuta ya nywele. Nilijua kinachotokea chini ya kitambaa. Nilijua kwa mwezi na kwa wiki. Wateja nao waliuliza, "Ciku ako wapi na zile nywele?" nami nikasema ako kazini. Nilikuwa tayari kumwachia Mwende wateja wote wa Nyeri kama binti yangu angekaa mbele yangu na kufungua kitambaa kile. Lakini sikujua kumwomba, kwa hiyo nilimwuliza kama amekula.

Mwende naye aliendelea kunisalimia kila asubuhi. Mimi niliitikia kwa kuhesabu taulo.

Uhamisho wa kweli ulikuja mwaka wa kumi wa Mwende pale. Baba Mutua alipelekwa kaskazini, mbali, na safari hii na familia. Madam alitangaza tukiwa tunafunga, na wenzangu wakaanza kulia. Mimi nilichukua ufagio, na katikati ya kufagia nikajisikia ninaimba.

Siku yake ya mwisho ilikuwa Jumatano, siku isiyo na watu, na mvua ilianza saa sita. Wengine walishuka kula. Tulibaki wawili. Mwende alikuwa akifunga vitu vyake, kisha akaja akakaa kwenye kiti changu. Namaanisha changu, kile ambacho watu walikikimbia. Akafungua kilemba.

Katika miaka kumi sikuwa nimewahi kuona nywele zake. Sote tulidhani ni heshima ya mke wa ofisa. Mbele zilikuwa nzuri, ndefu, nyeusi, zinaonyesha kazi yake. Nyuma zilikuwa zimeharibika. Kuanzia masikio kwenda kisogoni zilikuwa fupi, zimechanika, rangi ya kahawia mwishoni, kama nywele za mtu asiye na mwenyewe.

"Unaona," alisema akiniangalia kwenye kioo. "Kila mtu ananiambia niko na mkono. Mkono yangu haifiki nyuma."

"Si ungemwambia mmoja wa hawa wasichana?"

"Hawajui. Hapa wa kujua mkasi ni wewe. Nilikuwa nangoja siku utaniuliza, halafu nikaona hutaniuliza." Alikunja kile kilemba magotini. "Kata yenye inafaa. Lakini uniachie kidogo ya kwenda nayo. Huko naenda sijui mtu."

Nilisimama nyuma yake na mkasi. Sasa mjue nilichofikiria, kwa sababu nimewaahidi ukweli. Nilifikiria mstari wa rula. Ningezikata zote zilingane na zile fupi za nyuma, na ningekuwa na haki. Ningesema afya kwanza. Hakuna fundi Nyeri nzima angenilaumu, na Mwende angefika kaskazini na kichwa cha mwanafunzi. Vidole vyangu viwili vilikuwa tayari vimebana.

Niliachia. Sijui kama ulikuwa wema. Nadhani nilitaka ajue kwamba naweza. Nilianza kusokota, kifungu kwa kifungu, nikaomba kitambaa chake cheupe, nikakitandika begani kwake. Msokoto wa kwanza niliulaza kwenye kidole, nikainama, nikaona zile zilizosimama pembeni. Nikakata juu kidogo ya mpasuko. Nikageuza. Nikakata. Mvua ilipiga mabati ya jengo la nyuma, na nilipofika msokoto wa kumi au wa kumi na mbili kichwa chake kikawa kizito, kikaegemea tumboni kwangu. Nikadhani anataka kusema kitu. Alikuwa amelala.

Mke wa polisi, mbele ya mwanamke aliyewahi kuharibu mkasi wake na yeye anajua, amelala na mkasi uko sikioni. Mimi katika miaka kumi sikuwa nimefumba jicho karibu naye. Nilikuwa nimemchunga kila siku kama mwizi, na mwizi alikuwa mmoja tu kati yetu. Nililia kidogo, kwa uangalifu, nisimdondoshee. Kisha nikaendelea, kwa sababu kichwa kilikuwa bado nusu.

Wenzangu waliporudi niliwanyamazisha kwa kidole. Nilimaliza saa kumi. Alipoamka alipitisha mkono nyuma, polepole, akihesabu kwa vidole.

"Umeacha zote," alisema.

"Nimetoa zilizokufa."

"Hii njia ulijifunza lini?"

"Ile Jumapili ya chai."

Alicheka mpaka akapangusa macho. Nilitaka kumwambia kuhusu boksi la katoni. Maneno yalifika menoni yakarudi. Alifunga kilemba, akaniachia kile kitambaa cheupe, akashuka ngazi. Ijumaa lori lilibeba vitu vyao.

Pasaka ile Ciku alikuja kutoka Mwea. Alikula, akaosha vyombo, halafu akachukua kigoda cha jikoni, akakiweka mbele ya kiti changu sebuleni. Akakaa, akanipa mgongo. Akafungua kitambaa. Zilikuwa mbaya kama nilivyojua, zimerudi mpaka mabegani, lakini zilikuwa bado zinaweza kuokolewa.

"Anti Mwende alinipigia simu," alisema. "Ameniambia nije kwako."

"Alisema nini?"

"Alisema alilala ukimkata. Na yeye halalangi kwa salon ya mtu."

Kwa furaha nilikigawa kifungu cha kwanza mara tatu, na ndani ya furaha hiyo wivu ulikuwa umekaa vilevile, umekunja miguu. Miaka yote nimepata wateja kwa kusifiwa na wateja wengine. Mtoto niliyemzaa mwenyewe nikampata hivyohivyo, kwa neno la mwanamke mwingine. Nilianza kusokota. Tulipofika upande wa kushoto alichoka shingo, akaegemeza shavu gotini kwangu, nami sikusogeza mguu hata ulipokufa ganzi.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka saba zaidi, na kichwa baada ya kichwa nilikata kwa kidole na kitambaa cheupe, kama mlivyoniona nikikata. Wateja walianza kusema Mama Ciku ako na mkono. Mliponiuliza nani alinifundisha, niliwaambia ni Madam Wangeci, na Madam, Mungu amrehemu, hawezi kubisha. Haikuwa kweli. Madam alinifundisha mkasi. Aliyenifundisha kukata ncha na kuacha nywele ni Mwende, Mama Mutua, Mkamba wa Kitui. Akipita Nyeri atapanda hizo ngazi, hawezi kujizuia. Mkalisheni kiti kizuri, mkate ncha zake za nyuma bila haraka, na mumwambie niliandika hivi. Mimi nampigia simu kila mwezi nimwambie haya, pamoja na lile la boksi, na kila mwezi naishia kumwuliza kama huko kumenyesha.